Duka, Bidhaa, Mteja na Oda: Maoni Kuhusu Nafasi ya Kiswahili Katika Uundaji wa Programu za Biashara

Kwa muda mrefu wataalamu wa Kiswahili wamekuwa wakiitwa katika shughuli za kompyuta baada ya kazi kubwa kumalizika. Programu huwa imekwisha kubuniwa, kuandikwa na kujaribiwa. Kinachobaki ni orodha ya maneno ya Kiingereza ambayo mtu hutakiwa ayatafutie visawe. Kazi ya namna hii imefanywa kwa bidii na imezaa matunda. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za programu kubwa. Hatukusudii kuibeza kazi hiyo. Tunachodai katika makala haya ni kwamba, kwa upande wa programu zinazotumika kuuza na kununua kwa njia ya intaneti, mahali pa mtaalamu wa lugha ni mwanzoni, pale panapoamuliwa ni vitu gani vipo na vinahusianaje. Uamuzi huo ni wa kisemantiki kabla haujawa wa kihandisi. Anayeachwa nje wakati unapofanywa hawezi kuurekebisha baadaye kwa kubadilisha maneno yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta.

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Mwaka 1970 E. F. Codd alipendekeza kwamba taarifa zihifadhiwe katika majedwali yanayohusianishwa. Mwaka 1976 Peter Chen alipendekeza njia ya kuchora vitu na uhusiano wake kabla majedwali hayajaundwa. Kuanzia hapo, mtu anayetaka kuandika programu ya duka huanza kwa kujiuliza kuna vitu gani. Jibu limekuwa lile lile kwa miongo mingi: kuna duka, kuna bidhaa, kuna mteja, na kuna oda inayomfunga mteja na bidhaa. Kinachopaswa kutuvutia sisi wanaisimu ni makala ya Chen ya mwaka 1983, ambamo alionyesha kanuni za kugeuza sentensi kuwa mchoro: nomino ya kawaida hugeuka kitu, kitenzi elekezi hugeuka uhusiano, kivumishi hugeuka sifa. Sentensi alizozichambua zilikuwa za Kiingereza, na kichwa cha makala yake kilisema hivyo waziwazi. Sijui kama tunahitaji ushahidi mwingine kwamba modeli ina sarufi nyuma yake, na kwamba sarufi hiyo ni ya lugha fulani.

Mfano ambao wanafunzi wengi wa kompyuta duniani wamefundishiwa ni kanzidata iitwayo Northwind, iliyosambazwa na kampuni ya Microsoft pamoja na programu zake tangu miaka ya 1990. Ni duka la kubuni la kuuza vyakula kwa jumla. Lina wateja 91, bidhaa 77 na oda 830. Wateja wake wametawanyika katika nchi 21 za Ulaya na mabara mawili ya Amerika, na hakuna hata mmoja aliye Afrika. Msomaji wa Kiswahili atafurahi kusikia kwamba bidhaa nambari moja katika duka hilo inaitwa Chai. Furaha hiyo isimzuie kuutazama uga wa kipimo. Kwa Chai imeandikwa kuwa ni maboksi 10 ya vifuko 20. Haya ni maandishi tu: kompyuta haijui kwamba boksi lina vifuko wala haiwezi kuuza kifuko kimoja. Bei imepewa tarakimu na uga wake mahususi, lakini kipimo kimerundikwa kama maelezo ya pembeni, kana kwamba kila mtu duniani huuza vitu vilivyokwisha kufungashwa.

Sasa twende gengeni. Nyanya huuzwa kwa fungu, na fungu ni dhana inayoigeuza modeli kichwa chini miguu juu. Katika jedwali la bidhaa, kipimo hubaki pale pale na bei hupanda au kushuka. Katika fungu, bei ndiyo hubaki na nyanya ndizo hupungua. Tuseme fungu ni la shilingi 1,000: wakati wa mavuno litakuwa na nyanya sita, na wakati wa uhaba litakuwa na tatu, lakini litaendelea kuitwa fungu la elfu moja. Jina la kipimo limechukuliwa kutoka kwenye bei. Mwandishi wa programu atakayeandika kwamba nyanya ni bidhaa, fungu ni kipimo chake na 1,000 ni bei yake, atakuwa ameandika jambo lisilo na kosa la kisintaksia na lisilo na maana yoyote ya kiuchumi, kwa sababu mwisho wa mwaka programu yake itaonyesha kwamba bei ya nyanya haikubadilika. Hali kadhalika gunia. Penye lumbesa, ambayo sheria za vipimo za Tanzania zinaipiga marufuku, gunia moja si sawa na gunia jingine, na mkulima ndiye anayeumizwa na tofauti hiyo. Modeli inayohesabu magunia bila kuuliza uzito inaficha kilo zile zile ambazo sheria inajaribu kuzifichua.

Neno "bidhaa" lenyewe linastahili kutazamwa. Kiswahili hulitumia kwa aina ya kitu, kwa namna mbalimbali za aina hiyo, na kwa kitu kimoja kimoja kilicho mkononi. Waandishi wa programu wamejifunza, baada ya taabu nyingi, kutenganisha mambo hayo matatu. Katika Shopify, kwa mfano, bidhaa huwa na vibadala vyake, na kibadala ndicho kinachopewa bei na idadi iliyopo ghalani. Kwa miaka mingi bidhaa moja iliwekewa ukomo wa sifa tatu na vibadala 100. Msomaji wa jarida hili hahitaji kuelezwa zaidi: ni ile tofauti tunayoifundisha kati ya leksimu, maumbo yake, na kila tukio la neno katika matini. Wanafunzi wetu wa mofolojia wangeielewa kanzidata ya duka kwa asubuhi moja, kama wangeonyeshwa.

Tuichukue kanga. Huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili ambavyo havijakatwa. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mji mmoja hutoka katika rangi kadhaa, na mji ule ule huweza kuchapwa kwa majina tofauti. Ukitaka kuiingiza katika programu, utakuta jedwali la bidhaa tayari lina uga uitwao "jina". Hilo ndilo jina ambalo duka linaitambulia bidhaa. Jina la kanga ni jambo jingine kabisa. Ni usemi, na mara nyingi ndio sababu ya kununua. Mwanamke hachagui jina kwa kuwa linaendana na rangi tu. Analichagua kwa kuwa kuna mtu atakayelisoma. Muuzaji wa mtaa wa Biashara, Mombasa, anaulizwa jina kabla hajaulizwa rangi. Katika programu nyingi, jina hilo litaishia katika uga wa maelezo, mahali pasipoweza kupangwa wala kuchujwa, na mnunuzi atalazimika kupitia picha moja moja. Hapa hatuzungumzii tafsiri mbaya. Kila neno lililo kwenye kioo linaweza kuwa Kiswahili sanifu, na kanga ikabaki haipatikani.

Kuhusu bei, tutasema kwa ufupi. Northwind huandika bei mara mbili, katika jedwali la bidhaa na tena katika kila kipengele cha oda, na inafanya vizuri, kwa sababu bei ya leo isifute makubaliano ya jana. Lakini mteja akiuziwa chini ya bei hiyo, tofauti huingizwa kama punguzo. Punguzo hudhani kwamba kulikuwa na bei ya kweli, kisha ikapunguzwa kwa hisani. Anayeuza kwa kupatana hana bei hiyo. Anataja bei, mwenzake anatoa bei, wanapatana, na kilichofikiwa ndicho bei. Kinachoongezwa baada ya hapo ni nyongeza, nayo huongeza kiasi bila kuigusa fedha. Duka la namna hii likiingizwa katika modeli iliyozoeleka, litaonekana kuwa linatoa punguzo kwa kila mteja kila siku, na mkaguzi ataliona kuwa halina nidhamu.

Tukija kwa mteja, tunakutana na neno lenye historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kamusi zinatupa mteja wa dukani na pia mteja wa mganga, yaani mgonjwa aliye chini ya matibabu yake. Maana zote mbili zinahusu uhusiano unaoendelea. Mitaani neno limezaa "teja", mtu aliyetawaliwa na dawa za kulevya. Huko Kenya, kutokana na sauti ya simu inayosema kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani, vijana wamefikia kusema kwamba fulani "yuko mteja", wakimaanisha simu yake imezimwa. (Mtu anayetaka kuandika tasnifu ya umahiri kuhusu upanukaji wa maana asiende mbali.) Kwa hoja yetu, jambo kuu ni kwamba mteja si mnunuzi. Mnunuzi hupata jina lake kwa tendo moja. Akishaondoka dukani, unununuzi wake umekwisha. Mteja hujulikana, hukopeshwa, huwekewa. Programu nyingi huwatia wote wawili katika jedwali moja, kisha hulazimika kubuni kitu kinachoitwa mgeni ili kumweka yule aliyenunua bila kujiandikisha. Kiswahili kilikuwa kimekwisha watenganisha.

Tena kinaweza kutenganisha zaidi. Unyambuaji wetu hutupa mwagizaji, mlipaji na mpokeaji kwa urahisi ule ule unaotupa mnunuzi. Fikiria mtu aliye Maskati au London anayemnunulia mama yake mchele na sukari katika duka la Unguja. Yeye ameagiza. Huenda nduguye mwingine ndiye aliyelipa. Mama ndiye atakayepokea, na ndiye atakayegundua kwamba mchele una wadudu. Programu itamwona mteja mmoja mwenye anwani mbili. Mama si mteja, ni anwani. Akilalamika, duka halimjui. Sentensi ya Kiswahili haimfanyii hivyo: kauli ya kutendea, nunua ikiwa nunulia, humpa mpokeaji nafasi ndani ya kitenzi chenyewe, na kiambishi cha yambwa humtaja kabla ya mchele. Laiti Chen angeanza na sentensi hii, tunaamini mchoro wake wa mauzo ungekuwa na watu wawili tangu siku ya kwanza.

Oda ina matatizo yake. Kisawe kinachopendekezwa mara nyingi ni "agizo", lakini agizo pia ni amri au maelekezo, na katika biashara kuagiza humaanisha hasa kuleta kitu ambacho hakipo, mara nyingi kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo "oda" si neno la uvivu. Mafundi wamelitumia kwa miaka mingi na wamelipa maana mahususi: fundi seremala huchukua oda, hupokea kianzio, kisha hutengeneza. Katika kanzidata ya kawaida, kipengele cha oda hakiwezi kuandikwa mpaka kielekeze kwenye bidhaa iliyokwisha kuandikishwa. Kwa fundi mambo ni kinyume. Oda hutangulia, na kabati huzaliwa kutokana nayo. Ili aitumie programu, fundi inambidi aandikishe bidhaa isiyokuwapo, aipe bei asiyoijua, kisha ajiagizie.

Lakini mahali ambapo sarufi yetu ina jambo kubwa zaidi la kusema ni katika hali za oda. Katika programu nyingi, malipo huwekwa katika uga wenye majibu mawili: ndiyo au hapana. Imelipwa, au si hivyo. Mtafsiri anapofika hapo hana budi kuchagua kati ya "haijalipwa" na "haikulipwa", na hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiyejua kwamba hizi si sawa. Kiambishi -ja- huacha mlango wazi: malipo yanatarajiwa. Kiambishi -ku- huufunga: wakati umepita na malipo hayakuja. Kwa mwenye duka, ya kwanza ni mteja wa kusubiriwa. Ya pili ni hasara. Kompyuta imeweka hapana moja kwa yote mawili, na mtafsiri, hata awe hodari namna gani, hawezi kuandika neno moja lililo kweli katika hali zote mbili. Atachagua moja, na nusu ya skrini zitakuwa zinasema uongo kuhusu watu.

Athari yake si ndogo. Wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo hutumia utaratibu uitwao mali kauli. Machinga huchukua bidhaa kwa mwenye duka kwa ahadi ya mdomo, huzunguka nazo, kisha huleta fedha za zilizouzwa, na mara nyingi hurudisha zilizobaki. Je, wakati bidhaa ziko begani mwake, zimeuzwa? Hazijauzwa. Je, anadaiwa? Anadaiwa kauli. Wahasibu wana utaratibu unaofanana na huu katika vitabu vyao, kwa hiyo hakuna mwujiza hapa wala siri ya Mwafrika. Ila modeli ya bidhaa, mteja na oda, kama inavyofundishwa na kuigwa, humwona machinga kuwa ni mteja aliyeweka oda kubwa asiyoilipa. Kila asubuhi ana oda mpya, na kila asubuhi haijalipwa, au haikulipwa. Programu haijui ni ipi. Siku kumbukumbu hizo zitakaposomwa na mtu anayepima nani anastahili mkopo, atakayeonekana katika karatasi hizo ni mdaiwa sugu, hali mwenye duka anamjua kuwa mwaminifu kiasi cha kumpa mali bila maandishi.

Wapo watakaotujibu kwamba lugha ni ngozi tu na modeli ni mifupa, na kwamba mifupa ni ile ile kwa wanadamu wote. Jibu hili lilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2003 Eric Evans alichapisha kitabu kuhusu uundaji wa programu ambacho kimekuwa mwongozo kwa wengi, na hoja yake mojawapo kuu ni kwamba waandishi wa programu na wenye shughuli wanapaswa kuzungumza lugha moja, na kwamba maneno ya lugha hiyo ndiyo yawe majina ya vitu ndani ya programu yenyewe. Basi kwa kanuni za wahandisi wenyewe, mwenye shughuli akisema fungu, doti, nyongeza na mali kauli, maneno hayo yana haki ya kuwa majedwali na nyuga. Ajabu ni kwamba katika mikutano ya kubuni programu mijini kwetu, mwenye duka huulizwa kwa Kiswahili na majibu yake huandikwa kwa Kiingereza, na kile kinachokosa neno la Kiingereza huachwa kwenye meza ya mkutano.

Wengine watasema kwamba wafanyabiashara wenyewe hawajalalamika, kwani huuza kwa picha na ujumbe wa simu na kupokea fedha kwa M-Pesa, ambayo ilianza Kenya mwaka 2007. Ni kweli. Tunasoma ukweli huo kwa namna nyingine: wamepata njia ya kulipa iliyowafaa, na wamebaki na daftari kwa yale mengine, kwa sababu daftari halimlazimishi mtu kuita fungu kilo.

Kuna pia suala la upatanisho wa kisarufi, ambalo wahandisi huliona kuwa dogo. Neno moja la Kiingereza la kuonyesha upya huwekwa mara moja katika programu na kutumika kila mahali. Kwetu ni bidhaa mpya, duka jipya, mteja mpya, maduka mapya. Oda imetumwa, lakini agizo limetumwa. Programu iliyoandikwa bila kuzijua ngeli haina mahali pa kuiweka tofauti hiyo, na matokeo yake ni Kiswahili kile cha "agizo imetumwa" ambacho wanafunzi wetu wanakisoma kila siku kwenye simu zao na kuanza kukiiga. Ngeli ya nomino ingeweza kuwa sifa ya kila kitu katika modeli, kama ilivyo bei. Ni uga mmoja zaidi.

Idara zetu zimetoa tasnifu nyingi za istilahi, na nyingi kati yake ni orodha: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Tungependa kuona mwanafunzi mmoja wa uzamili akipewa mwaka mzima Kariakoo, Marikiti ya Mombasa na Darajani ya Unguja, si kwa ajili ya kukusanya visawe, bali kwa ajili ya kusoma madaftari ya madeni kwa idhini ya wenyewe: nani huandikwa, kwa jina gani, kipimo gani, na deni likilipwa hufanywa nini. Katika madaftari mengi mstari uliolipwa hukatwa kwa kalamu, na bado husomeka chini ya mkato. Akae kisha na mwandishi wa programu mmoja, wachore majedwali wakizungumza Kiswahili, na uga wa malipo uwe na majibu matatu angalau: imelipwa, haijalipwa, haikulipwa. La nne, la mali iliyotoka kwa kauli, tunaliacha kwao. Hatudhani kwamba "imekopeshwa" linatosha, maana aliyekopeshwa hana ruhusa ya kurudisha.